Gari Linavuta Kushoto Ukikanyaga Breki, Lakini Gurudumu la Moto ni la Kulia: Uchambuzi wa Kisa

Gari ni saluni ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele, yenye kilomita 186,000. Mbele lina diski na kalipa (vishikio vinavyobana pedi kwenye diski) za pistoni moja, zile za kuelea. Nyuma lina drami. Ukikanyaga breki kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, usukani unageuka wenyewe kwenda kushoto, na usipoukaza gari linahama karibu nusu ya njia yake kabla ya kusimama. Pedeli ni ngumu na iko juu kama inavyotakiwa. Mafuta ya breki hayapungui, na hakuna taa ya onyo inayowaka.

Mwenye gari alitaja jambo jingine baadaye, kama kitu kisicho na uzito: akiachia breki, gari hujivuta kidogo kulia kwa muda mfupi, kisha linanyooka. Fundi aliyesikia "linavuta kushoto" tu alikuwa na nusu ya malalamiko.

Kabla ya hapo gari lilikuwa limepita kwenye mikono kadhaa. Pedi mpya za mbele zilifungwa kilomita 7,000 nyuma, na mvuto ukaanza siku chache baada ya kazi hiyo. Ikafanyika alaimenti (kunyoosha magurudumu) mara mbili. Matairi ya mbele yakabadilishana pande. Mtu mmoja alishika rimu za mbele, akakuta ya kulia inachoma, akafungua kalipa ya kulia, akaisafisha na kupaka grisi pini zake, zile inazotelezea. Mwingine akapiga msasa pedi za kushoto "kupunguza ukali". Hiyo ya msasa tuiache. Pedi ina ukali wake kulingana na mchanganyiko wa nyenzo zake, na kuparuza uso wake hakumfanyi mshindi awe mshindwa. Kazi nyingine zote zilikuwa na sababu, na hakuna hata moja iliyobadilisha kitu.

Upande gani ndio mbovu?

Gari huvutwa na upande unaoshika zaidi. Likivuta kushoto kwa sababu ya breki, kuna mambo mawili tu yanayowezekana: ama kushoto kunashika kuliko kawaida, ama kulia kunashika kidogo kuliko kawaida. Ajabu ni kwamba mafundi wengi hukimbilia lile la kwanza, ilhali la pili ndilo hutokea mara nyingi. Breki ya diski ni vigumu ishike kupita uwezo wake. Kushika chini ya uwezo ni rahisi sana. Pini ikikauka, pistoni ikikwama kwa kutu, pedi ikilowa mafuta au grisi, njia ya mafuta ikiziba, gurudumu hilo linapoteza nguvu na lile zima linalivuta gari upande wake. Kwa hiyo gari likivuta kushoto, gurudumu la kwanza kufunguliwa liwe la kulia.

Lakini hapa gurudumu la kulia ndilo lenye joto zaidi. Na pedi zake ndizo zilizolika zaidi: zilipopimwa zilibaki milimita 6.5, huku za kushoto zikiwa milimita 8.5, na zote zilianza na milimita 11. Kwa ushahidi huo mtu yeyote angesema kulia ndiko kunakofanya kazi kubwa. Basi mbona gari linaenda kushoto?

Ukinzani huu ndio uliowapoteza waliotangulia. Joto na ulaji wa pedi ni jumla ya msuguano wote uliotokea, wakati wa breki na wakati usio wa breki. Mvuto ni wa sekunde ileile mguu ulipo juu ya pedeli. Gurudumu linaweza kuwa dhaifu wakati wa kusimamisha gari, kisha likabaki limekaza baada ya mguu kuondoka, na kwa siku nzima likakusanya joto kuliko mwenzake. Ukilishika jioni utalikuta linachoma.

Kuusikiliza mvuto wenyewe

Kabla ya kunyanyua gari kwenye jeki, matairi yalijazwa upepo sawa, psi 32 mbele pande zote mbili, yakiwa baridi. Tofauti ya psi 8 au 10 inatosha kulivuta gari, ila mvuto wa namna hiyo huonekana hata bila breki. Aina ya matairi ilikuwa moja na kashata zake zililingana. Bila breki gari lilinyooka vizuri, na hilo linaondoa tairi lenye nyuzi zilizokatika ndani pamoja na makosa mengi ya alaimenti.

Majaribio ya barabarani hufanywa kwenye barabara pana, tupu na iliyonyooka, mikono ikiwa imeuzunguka usukani bila kuukaza, usiuachie kabisa. Kila jaribio linarudiwa kwa kwenda upande wa pili wa barabara, kwa sababu barabara nyingi zimeinama pembeni ili maji yatoke, na mwinamo huo peke yake hulivuta gari. Hapa mvuto ulibaki kushoto kwenda na kurudi.

Kisha breki zikakanyagwa kwa namna tatu tofauti, na jicho likawa kwenye swali moja: mvuto unatokea lini?

Kwanza, kukanyaga kwa ghafla na kwa nguvu ya wastani, kisha kushikilia. Gari liliruka kushoto papo hapo. Baada ya sekunde moja hivi mvuto ulipungua, na kufikia sekunde ya pili gari lilikuwa karibu limenyooka, ingawa mguu ulikuwa palepale.

Pili, kukanyaga polepole sana, kama mtu anayekaribia tuta kwa mbali. Mvuto ulikuwa mdogo mno, hata abiria asingeutambua.

Tatu, kukanyaga kwa nguvu na kuachia ghafla. Kushoto wakati wa kukanyaga, kulia baada ya kuachia.

Majibu hayo matatu yanakata orodha ya washukiwa kwa haraka. Pedi iliyolowa mafuta ina msuguano mdogo tangu mwanzo hadi mwisho. Gari huvuta muda wote mguu uko chini, na ukiongeza nguvu mvuto nao unaongezeka. Pini zilizokauka hufanya hivyohivyo. Bushi ya loa am (mkono wa chini unaolishikilia gurudumu) iliyokatika huvuta kwa pigo: unasikia "tok", gurudumu linarudi nyuma sentimita moja au zaidi, tou (mwelekeo wa tairi kwenda ndani au nje) inabadilika, gari linaelekea kule tairi lilikogeukia, na linabaki kule hadi uachie. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayevuta kwa sekunde moja kisha akatubu. Mvuto unaopungua wenyewe ukiwa umeshikilia pedeli, na usioonekana ukikanyaga taratibu, ni wa kuchelewa. Nguvu inafika kulia, ila imechelewa njiani.

Kinachoweza kuchelewesha ni mafuta yanayopita kwa shida, au hewa ndani ya kalipa moja inayopaswa kubanwa kwanza. Hewa hulainisha pedeli, na pedeli ya gari hili ilikuwa ngumu. Tena hewa haibakizi breki imekaza. Kizuizi kwenye njia ya mafuta hufanya yote mawili: kinachelewesha kwenda na kinachelewesha kurudi.

Joto nalo likapimwa tena, safari hii kwa mpangilio. Kwa kipimajoto cha miale, kikielekezwa kwenye uso wa diski kupitia matundu ya rimu, mara baada ya kusimama kwa nguvu mara 6 mfululizo kutoka kilomita 60 kwa saa: kushoto nyuzi 152, kulia nyuzi 146. Karibu sawa. Gari likaendeshwa kilomita 2 bila breki, likasimamishwa kwa breki ya mkono, ambayo hapa inashika nyuma tu: kushoto 91, kulia 149. Diski ya kushoto ilipoa kama inavyopaswa. Ya kulia iliendelea kupashwa moto na pedi ambazo zilitakiwa ziwe zimeachia.

Kunyanyua gari

Gari liliwekwa juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na magurudumu ya mbele yakaning'inia. Kabla ya kugusa pedeli, yote mawili yalizunguka kwa mkono. Msaidizi akakanyaga pedeli kwa nguvu, injini ikiwa inaunguruma ili busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, ifanye kazi, kisha akaachia. La kushoto lilizunguka mara moja. La kulia liligoma kabisa, mtu akilivuta kwa mikono miwili. Sekunde kama 40 baadaye likaanza kulegea.

Hapa ndipo wengi hununua kalipa mpya. Gurudumu limekaza, kwa hiyo pistoni imekwama. Mantiki inaonekana sawa. Lakini pistoni iliyokwama kwa kutu hailegei yenyewe baada ya sekunde 40. Na hata bila kujua hilo, kuna kipimo cha dakika moja kinachotenganisha kalipa na kile kilicho juu yake.

Pedeli ikakanyagwa tena na kuachiwa. Gurudumu la kulia likiwa limekaza, nipeli ya kutolea upepo ya kalipa ya kulia ilifunguliwa robo mzunguko, mpira mwembamba ukiwa umechomekwa kwenye nipeli na ncha yake ikiwa ndani ya chupa. Mafuta yaliruka kwa presha, kidogo tu, na hapohapo gurudumu likazunguka huru. Maana yake ni kwamba pistoni haikuwa na shida ya kurudi. Mafuta ndiyo yaliyoizuia. Kama gurudumu lingebaki limekaza nipeli ikiwa wazi, kosa lingekuwa ndani ya kalipa, au kwenye pini, au kwenye pedi zilizobana kwenye viti vyake.

Nipeli ikafungwa, pedeli ikakanyagwa tena. Safari hii ikalegezwa nati ya bomba la chuma, pale linapoungana na mpira wa breki karibu na shokapu. Yalitoka matone tu, na gurudumu halikuachia. Basi mafuta yenye presha yalikuwa yamefungiwa kati ya nati hiyo na kalipa, na kati ya hapo hakuna kitu kingine zaidi ya mpira wa breki wenye urefu wa sentimita 45.

Kipimo hiki cha pili hurukwa mara nyingi. Bila hicho, presha iliyofungiwa inaweza kutokana na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) isiyorudi hadi mwisho, kwa mfano fimbo ya busta iliyorekebishwa ndefu mno, au na kifaa cha ABS, kile kinachozuia magurudumu kujifunga. Ila masta silinda hufungia presha kwenye saketi nzima. Kwenye gari hili saketi zimekatwa kimshazari, mbele kulia pamoja na nyuma kushoto, kwa hiyo gurudumu la nyuma kushoto nalo lingekaza. Lilizungushwa, likawa huru.

Geji mbili

Kwa utambuzi, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini kwenye gereji yenye geji za presha ni vyema kuzitumia, kwa sababu zinaonyesha kwa namba kile ambacho dereva anakieleza kwa maneno. Geji mbili za bari 100 zilifungwa kwenye matundu ya nipeli za mbele, hewa ikatolewa, na pedeli ikakanyagwa haraka hadi geji ya kushoto ikasoma bari 40 na kubaki hapo.

Nusu sekunde baada ya kukanyaga, kulia kulisoma bari 18. Ilipofika sekunde ya pili, bari 38. Mguu ulipoondoka, kushoto kulishuka hadi sifuri mara moja. Kulia kukabaki bari 6, zikateremka kidogokidogo.

Zipigiwe hesabu kidogo, maana bari 18 na bari 40 ni namba tupu mpaka zifike barabarani. Pistoni ina kipenyo cha milimita 54, sawa na eneo la sentimita za mraba 22.9. Kwa bari 40 inasukuma pedi kwa nguvu ya niutoni 9,160 hivi. Pedi ziko mbili, na tukichukua msuguano wa 0.4, diski inazuiwa kwa niutoni 7,300 kwenye nusu kipenyo cha milimita 110. Tairi lina nusu kipenyo cha milimita 300, kwa hiyo barabarani inafika niutoni 2,690 hivi. Fanya hivyohivyo kwa bari 18, unapata niutoni 1,210. Tofauti ni karibu niutoni 1,480, uzito wa kama kilo 150, inayovuta nyuma tairi la kushoto peke yake, sentimita 72 kutoka katikati ya gari. Hiyo ndiyo inayomgeuza dereva.

Na zile bari 6 zilizobaki? Zinaacha mburuto wa niutoni 400 hivi kwenye tairi la kulia wakati dereva anaamini breki imeachia. Ni kama kilo 40 zinazoburutwa upande mmoja. Ndiyo sababu gari lilijivuta kulia baada ya breki, na ndiyo sababu diski ya kulia ilichemka na pedi zake zikaisha mapema.

Mtu atauliza kwa nini presha haiko sawa pande zote ilhali mafuta ni yaleyale. Presha husawazika mafuta yakitulia. Yakiwa yanatembea, kila mahali pembamba panaila. Kiasi kinachotakiwa kupita ni kidogo sana. Kuzifunga pedi za kalipa moja hadi kwenye diski kunahitaji chini ya mililita 1 pedi zikiwa zimekaa vizuri. Ndiyo maana kizuizi kikali namna hii hakikuiondoa breki ya kulia, kiliichelewesha tu. Pia ndiyo maana ukaguzi wa gari likiwa limesimama, mguu ukiwa umeshikilia pedeli, hauonyeshi chochote. Dereva akikanyaga breki taratibu kwenye mashine ya kupima breki yenye rola, pande zote zinaweza kusoma sawasawa na gari likapita.

Asiye na geji ana njia nyingine isiyohitaji kifaa. Unalegeza kifuniko cha tangi la mafuta ya breki, unafungua nipeli moja, unaacha mafuta yashuke yenyewe kwa dakika 5 kwenye chupa yenye alama, kisha unafanya upande wa pili kwa muda uleule. Hapa kushoto kulitoka mililita 16, kulia 2. Angalia tangi lisikauke wakati unasubiri.

Ndani ya mpira

Nje, mpira ulikuwa unaonekana mzima. Haukuwa na nyufa, haukuvimba pedeli ilipokanyagwa, haukuvuja. Mtu angeupitisha kwa macho bila kusita. Ila ulipofutwa kwa kitambaa chenye spiriti, sentimita 8 kutoka ncha ya kalipa palionekana alama mbili nyembamba zinazotazamana, kama alama za meno. Ni mahali ambapo mpira ulibanwa na plaizi ya kujifunga.

Inafanyika sana wakati wa kubadilisha pedi: fundi anabana mpira ili mafuta yasirudi kwenye tangi anapoisukuma pistoni. Mpira wa breki umejengwa kwa tabaka: ndani neli laini, kisha nyuzi zilizosukwa, kisha ngozi ya nje. Ngozi ya nje inastahimili. Neli ya ndani, hasa ikiwa na miaka mingi, inakatika au inabanduka kutoka kwenye nyuzi. Mpira huu ulikuwa na umri wa gari lenyewe, miaka 14. Hakuna haja ya kuubana. Fungua kifuniko cha tangi, nyonya mafuta kidogo kama limejaa, na isukume pistoni taratibu. Na kalipa isining'inizwe kwa mpira wake. Ifungwe kwa waya kwenye springi.

Ulipotolewa, mpira ulijaribiwa kwa bomba la sindano la mililita 50 lililounganishwa kwa neli ya plastiki. Kusukuma mafuta kutoka upande wa masta silinda kwenda kalipa kulihitaji nguvu ya dole gumba lote, nayo yakapita kwa matone. Kusukuma kutoka upande wa kalipa hakukuwezekana. Mpira mpya uliachia kijito pande zote mbili kwa kusukuma kidogo tu.

Kisha ukachanwa kwa urefu kwa kisu. Chini ya zile alama mbili, kipande cha neli ya ndani kama ukucha wa kidole kidogo kilikuwa kimenyanyuka, mzizi wake ukiwa upande wa masta silinda na ncha yake huru ikielekea kwenye kalipa. Mafuta yakienda yanakilaza kidogo na kupita kwa shida. Yakirudi yanakisimamisha, kinaziba njia kama kilango. Mafuta yaliyokuwa nyuma yake yalikuwa meusi kuliko ya upande wa pili, yakiwa na chembe za mpira.

Kufunga

Mipira ya mbele ilibadilishwa yote miwili. Ule wa kushoto una umri uleule, na inawezekana fundi yuleyule aliubana pia. Tena mpira mmoja mpya na mmoja mzee hauvimbi sawa chini ya presha.

Nati ya bomba la chuma ndiyo hatua inayoharibika kirahisi. Imekaa miaka 14, ina kutu, ni laini, na ukiiwekea spana ya kawaida ya milimita 10 inamomonyoka kona. Tumia spana ya pete iliyokatwa mdomo, ile ya mabomba, inayoshika kona tano. Inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu usiku mmoja kabla. Shika kichwa cha mpira kwa spana ya pili ili bomba lisijipinde. Bomba likianza kuzunguka pamoja na nati, simama, rudi nyuma, nyunyiza tena. Bomba la chuma likipasuka, kazi ya saa moja inageuka ya siku nzima.

Upande wa kalipa kuna bolti yenye tundu inayopitisha mafuta, na washa (pete bapa) mbili za shaba, moja kila upande wa kichwa cha mpira. Washa zinawekwa mpya. Za zamani zimeshabanwa na kuwa ngumu. Zitafunga leo zitoe jasho wiki ijayo. Kwa gari hili bolti inakazwa niutoni mita 30. Kila gari lina namba yake kwenye kitabu chake. Kabla ya kukaza, usukani ugeuzwe hadi mwisho kushoto na kulia, na mpira utazamwe usiguse tairi wala shokapu na usiwe umejisokota. Mipira mingi ina mstari mrefu uliochapwa ubavuni kwa kazi hiyo hasa: mstari ukizunguka kama kamba, umeusokota.

Mafuta mapya ya DOT 4, lita 1, yalitosha kusafisha saketi zote mbili hadi nyuma, tukiondoa chembe za mpira zilizobaki. Wakati wa kutoa upepo pedeli haikukanyagwa hadi sakafuni; kipande cha mbao cha sentimita 4 kiliwekwa chini yake. Masta silinda ya kilomita 186,000 ina sehemu ya mbele ambayo mipira ya pistoni yake haijawahi kufika, imejaa uchafu na kutu. Ukiisukuma hadi kule, unaweza kulitoa gari likiwa na breki zinazonyooka na pedeli inayozama.

Mvuto uliobaki

Geji zikafungwa tena. Kushoto bari 40, kulia bari 40, zikipanda pamoja na kushuka pamoja. Gurudumu la kulia liliachia mara moja.

Barabarani, hata hivyo, gari bado lilivuta kushoto. Kidogo, labda moja ya tano ya ule wa mwanzo, na tabia yake ilikuwa imebadilika: mvuto ulikuwepo ukikanyaga haraka au polepole, na ukabaki muda wote mguu ulipokuwa chini. Hapa mtu anaweza kukata tamaa na kusema mpira haukuwa tatizo. Lakini huu ni mvuto mwingine, wenye saa yake nyingine. Huu ni wa msuguano.

Pedi za kulia zilitolewa. Uso wake ulikuwa unang'aa kama kioo, mweusi kuelekea buluu, na ukucha ulipitishwa bila kukwama popote. Kilomita 7,000 za kuburuzwa zikiwa moto zimeziunguza gundi za ndani. Diski ya kulia ilikuwa na rangi ya samawati kwa mbali, ila unene wake ulikuwa milimita 21.2, na kiwango cha chini kilichochongwa pembeni ni 20. Kwa geji ya saa ilitetemeka milimita 0.04, ambayo haina tatizo. Ikapigwa msasa namba 120 kwa mizunguko isiyo na mpangilio na kusafishwa kwa spiriti. Ngozi ya vumbi ya pistoni ilikuwa nzima na haijaungua, kwa hiyo kalipa ilibaki. Pini zilivutwa, zikafutwa, zikapakwa grisi ya silikoni. Grisi ya beringi huvimbisha mipira ya pini na kuikaza upya.

Pedi mpya ziliwekwa pande zote mbili, seti moja. Kuweka mpya kulia tu na kuacha kushoto zile za zamani kungerudisha tofauti ya msuguano kwa mlango mwingine. Zikazoeshwa kwa kupunguza mwendo mara 20 kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa, huku zikipewa nusu dakika ya kupoa kati ya mara na mara.

Baada ya hapo majaribio yale matatu yalirudiwa: ghafla na kushikilia, polepole, ghafla na kuachia, kwenda na kurudi. Usukani ulibaki katikati. Kilomita 2 bila breki, diski ya kushoto ilisoma nyuzi 84 na ya kulia 86.